Ocean Road Miaka 30: Fungu la Mashine na Fungu la Nauli

Mwaka huu wa 2026 Taasisi ya Saratani Ocean Road inatimiza miaka 30. Tunahesabu kuanzia 1996, mwaka ambao Bunge liliitungia sheria yake na kuitoa mikononi mwa Muhimbili, ikapata bodi yake, mkurugenzi wake na mzigo wake. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, tiba ya saratani pale ufukweni ilikuwa kitengo cha hospitali nyingine, na kitengo hakina sauti kwenye bajeti. Husubiri kinachobaki mezani.

Hongera kwao. Na tunapotoa hongera hii hatuanzi na waliowahi kukata utepe pale. Tunaanza na wauguzi wa wodi ambao kila siku hupokea watu waliokuja wamechelewa, mafundi wa mionzi wanaopanga wagonjwa kuanzia alfajiri hadi giza liingie, wanafizikia tiba, ambao kwa muda mrefu taifa zima lilikuwa nao wachache mno, na madaktari waliochagua tawi la tiba ambalo zamani mwanafunzi akilitaja wenzake walimwonea huruma. Dk. Twalib Ngoma, aliyeiongoza taasisi katika miaka yake ya mwanzo na baadaye akawahi kuiongoza jumuiya ya wataalamu wa saratani barani Afrika, AORTIC, ni mmoja wao. Wengine majina yao hayakuwahi kuandikwa gazetini, na pengine wao wenyewe wasingetaka.

Jengo lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa siku watu wanapokusanyika kuchanga fedha. Wajerumani walilijenga kati ya 1895 na 1897, likitazama Bahari ya Hindi ili upepo uwapoze wagonjwa wa homa, na wagonjwa hao walikuwa Wazungu. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alikuwa akifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1897 na 1898. Mwafrika hakulazwa pale. Yeye na Mhindi walikuwa na hospitali yao, na hiyo ilitokana na fedha za mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Jina lake lingali kwenye jengo mojawapo la wodi kule Muhimbili. Watu husema "mama kalazwa Sewa Haji" bila kujua kwamba wanamtaja mchangiaji wa kwanza mkubwa wa tiba ya watu wa kawaida mjini humu. Hospitali ya watawala ilisimamishwa kwa fedha za utawala. Ya wenyeji ikasimama kwa mchango wa mtu mmoja aliyekuwa na mali na moyo.

Baada ya Uhuru, Ocean Road ikawa mahali pa kujifungulia. Mtu wa Dar es Salaam mwenye miaka 55 au 60 akikwambia amezaliwa pale, usidhani anatania. Kisha ikaja saratani, na jina la barabara likageuka kuwa jina la ugonjwa. "Amepelekwa Ocean Road" lilikuwa neno la kunong'onezana msibani, na kuna familia zilizomficha mgonjwa rufaa yake ili asijue anakokwenda. Barabara yenyewe tangu 2013 inaitwa Barack Obama, lakini hakuna kondakta wala bodaboda aliyebadilisha ulimi wake. Katika mambo ambayo taasisi imeyafanya kwa miaka 30, hili la kulitoa jina lake kwenye minong'ono halimo katika ripoti yoyote ya fedha, nasi tunaliweka juu kabisa. Leo kuna watu wengi waliopona ambao husema hadharani walitibiwa wapi.

Sasa tuje kwenye mashine, maana jubilei yoyote ya hospitali hufika kwenye mashine.

Kwa miaka mingi kazi ya mionzi pale ilifanywa na mashine za kobalti. Ndani yake mna kipande cha kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe usiku na mchana, mgonjwa awepo asiwepo. Uzuri wake ni kwamba haidai umeme mwingi na ufundi wake si wa kutisha. Ubaya wake ni kwamba hufifia. Kila baada ya miaka mitano na miezi michache nguvu yake hubaki nusu. Mgonjwa ambaye kipande kikiwa kipya angelala chini ya mashine dakika mbili, baadaye atalala dakika nne apate kipimo kilekile. Zidisha dakika hizo kwa watu wanaosubiri kwenye mabenchi, ndipo utaelewa kwa nini zamu za mionzi huweza kuendelea hadi usiku. Na kipande kikichoka hakitupwi jalalani. Tume ya Nguvu za Atomiki lazima ijue kilikotoka na kinakokwenda.

Mwaka 2018 taasisi ilipata mashine mbili za LINAC kwa fedha za serikali. LINAC haina madini ndani. Hutumia umeme kuzisukuma elektroni kwa kasi kubwa mno, zikagonga kipande cha metali, na mionzi ikazaliwa hapohapo. Ukizima swichi, mionzi nayo imekwisha. Mionzi hiyo inaweza kuelekezwa ifuate umbo la uvimbe na kuviepusha, kadiri iwezekanavyo, kibofu, utumbo, tezi za mate au uti wa mgongo. Kwa mgonjwa wa saratani ya koo tofauti hiyo ina maana nyepesi kabisa: kubaki na mate ya kumezea ugali. Baadaye ukafuata mradi wa PET-CT, kipimo kinachoonyesha ugonjwa umetambaa hadi wapi, ili daktari asimpige mionzi mtu ambaye ugonjwa wake umeshahamia kwingine. Haya ni maendeleo ya kweli. Kuna wakati wagonjwa wa namna hiyo waliandikiwa India, na asiye na wa kumlipia alirudi nyumbani.

Lakini LINAC hudeka. Inataka umeme usioyumba, maji ya kupoza, kiyoyozi kisichozimika, chumba chenye kuta za zege nene kupita mita moja, mwanafizikia wa kuipima kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajapanda mezani, na mkataba wa matengenezo na kampuni iliyoiunda. Vipuri huja kwa ndege na hulipwa kwa dola. Mwaka wa kwanza na wa pili, kwa kawaida, udhamini wa muuzaji huyabeba hayo. Baada ya hapo ndipo mwenye mashine hujua amenunua kitu gani.

Majirani zetu wa Uganda walilijua hilo kwa njia ngumu. Taasisi yao ya Saratani iliyoko Mulago ilianzishwa 1967, nayo ina sifa kubwa katika historia ya tiba ya saratani: ndipo John Ziegler na wenzake walipothibitisha kwamba uvimbe wa taya za watoto, ule uliopewa jina la daktari Denis Burkitt, unaweza kuponywa kwa dawa. Nchi nzima ilitegemea mashine moja ya kobalti iliyofika mwaka 1995. Mwaka 2016 ikaharibika, ikawa haitengenezeki tena. Wagonjwa wachache walipelekwa Nairobi, wengi walibaki na maumivu yao, hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018, mwaka mmoja tu baada ya taasisi kutimiza nusu karne. Hatuyasemi haya kwa kuwacheka. Mashine moja na nchi nzima nyuma yake ndiyo hali tuliyoishi nayo sote Afrika Mashariki, na bado tuko karibu nayo kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa hiyo tunaunga mkono harambee zote zinazoandaliwa mwaka huu kwa ajili ya mashine zaidi, ziwe za Ocean Road, za Bugando kule Mwanza au za KCMC Moshi. Kila chumba cha mionzi kinachofunguliwa nje ya Dar es Salaam kinampunguzia mtu wa Ukerewe au Same safari ndefu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000 kwa mwaka, na katika hao wanawake zaidi ya 10,000 walikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo mionzi ndiyo tegemeo lake kubwa ikishavuka hatua za mwanzo. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mashine zinatosha.

Ila hatutaki harambee hizo ziishie kwenye mashine. Sababu zetu hizi hapa.

Chukua mama wa makamo kutoka Mbinga. Ametokwa na damu miezi minane, akaenda zahanati akapewa dawa za maambukizi, akaenda tena, akapewa nyingine. Mwishowe hospitali ya mkoa Songea wanamkata kinyama, kinapelekwa kupimwa, majibu yanarudi, na anaandikiwa rufaa. Kutoka kwake hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,000 hivi. Anashuka Mbezi kwenye stendi ya Magufuli na mwanawe wa kike aliyeacha watoto kwa jirani, wanauliza njia, wanapanda mwendokasi hadi Kivukoni, wanapita sokoni Feri wakiwa na begi moja na bahasha kubwa ya kaki yenye picha, na kutoka hapo wanatembea au wanatoa fedha ya bajaji. Hadi anafika getini ameshatumia bei ya gunia zima la kahawa, na matibabu hayajaanza.

Yakianza, mionzi ya nje kwa ugonjwa wake, saratani ya shingo ya kizazi, huwa mara 25, siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni wiki tano, na katikati yake dripu ya kemo mara moja kwa wiki iwapo figo zake zinaruhusu. Kisha mionzi ya ndani. Siku ya kwanza fundi humchora alama za wino nyongani na tumboni, akamsihi asizisugue akioga, kwa sababu kesho mashine itaelekezwa palepale, wala si sentimita mbili pembeni. Mgonjwa wa pua au koo yeye hutengenezewa kinyago: bamba la plastiki yenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, hutandazwa usoni likiwa bado teketeke, likipoa limeshika paji, pua na kidevu chake. Kila siku atavikwa kinyago hicho na kukazwa mezani asitikisike. Watoto wengine hukililia. Watu wazima wengine pia.

Tiba hii haina "nitamalizia mwezi ujao". Kwa saratani ya shingo ya kizazi, wataalamu wanataka mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hapo hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe, kwa sababu seli zilizosalia hutumia mapumziko kuzaliana. Mama aliyeondoka wiki ya tatu kwa kuishiwa, akarudi baada ya mwezi na fedha ya kuuza mbuzi, hakuahirisha tiba yake. Ameiharibu, na ile mashine ya mabilioni imemfanyia kazi nusu. Nauli ni sehemu ya dozi.

Piga hesabu nasi. Tuseme, kwa makadirio yetu ya kubana, mtu mmoja Dar es Salaam anahitaji Sh 10,000 kwa siku kwa chakula na daladala, na wa kumsindikiza vivyo hivyo. Kwa siku 35 hiyo ni Sh 700,000 kwa wawili, bila malazi. Wenye ndugu Temeke au Mbagala watalala sebuleni kwa ndugu, ingawa undugu huo nao una kikomo mgonjwa anapoanza kutapika usiku na choo ni cha wapangaji wanane. Wasio na ndugu watategemea kitanda cha wodi, ambacho taasisi inakihitaji kwa aliyezidiwa zaidi. Sasa bilioni moja ya shilingi haikununulii LINAC. Ni kipande tu cha bei yake. Lakini bilioni hiyohiyo ingelisha na kusafirisha wagonjwa zaidi ya 1,400 pamoja na wasindikizaji wao kwa wiki zote tano za mionzi. Weka makadirio yako mwenyewe badala ya yetu, yaongeze hata mara mbili. Bado utaona ni fedha ndogo kwa kazi kubwa.

Kwa nini basi haichangwi? Kwa sababu nauli haina utepe. Mfadhili anayetoa mashine hupigwa picha nayo, na kibao cha shaba hubaki ukutani kikiwa na jina lake na la mgeni rasmi. Anayetoa sahani ya wali na maharage kwa mgonjwa wa Mbinga hana ukuta wa kubandika jina. Hatuwalaumu sana wafadhili. Kampuni inayotoa fedha za jamii inataka ionekane imetoa, na hilo ni jambo la kawaida duniani. Tunaowalaumu kidogo ni sisi wenyewe wa vyombo vya habari. Mashine ikishushwa bandarini tunatuma wapiga picha. Hosteli ya wagonjwa ikifungwa kwa kukosa fedha ya maji, hatuendi.

Kuchanga fedha kwa ajili ya mionzi kulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1921 mwandishi wa habari wa Marekani, Marie Meloney, aliwahamasisha wanawake wa nchi yake wakachanga dola 100,000 kumnunulia Marie Curie gramu moja ya radiamu, madini ambayo Curie mwenyewe aliyagundua na asiweze kuyanunua. Rais Harding alimkabidhi zawadi hiyo Ikulu ya Washington. Kinachotuvutia zaidi kilitokea usiku wa kuamkia sherehe. Curie aliposomewa hati aligoma: hati ilimpa yeye binafsi, naye akataka ibadilishwe usiku uleule, radiamu iwe ya maabara yake ili akifa isigawanywe kama urithi. Waliokuwa naye waliona mambo ya mwanasheria yangeweza kusubiri. Yeye hakuona hivyo. Hati za namna hii ndizo zinazokosekana katika michango yetu mingi: fedha zimetolewa, picha zimepigwa, lakini hakuna karatasi inayosema kitu hiki ni cha nani, nani atakitengeneza, na kwa fedha ipi.

Mfano wa pili uko karibu nasi kidogo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liliposhinda Nobeli ya Amani mwaka 2005, fedha zake za tuzo lilizielekeza kwenye mafunzo ya wataalamu wa saratani na lishe katika nchi zinazoendelea. Wangeweza kununua mashine. Walichagua watu. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo za mfano katika mpango wa shirika hilo wa kupambana na saratani, PACT, na Ocean Road ndiyo iliyokuwa mlango wake. Mwaka 2020 pia ulianza mradi wa pamoja wa Aga Khan na wakala wa maendeleo wa Ufaransa uliolenga kuziunganisha Ocean Road, Muhimbili, Bugando na hospitali za Aga Khan, ili mgonjwa agunduliwe mapema na apewe rufaa inayoeleweka. Kazi hizi za mafunzo na mpangilio nazo hazina utepe, na ndizo zinazoipa mashine wagonjwa wanaoweza kupona.

Watanzania si watu wa kufundishwa kuchanga. Tunachangia harusi mpaka mtu anakopa. Kadi inafika mwezi wa pili kwa sherehe ya mwezi wa sita, imeandikwa singo elfu hamsini, dabo laki moja, na kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp ambalo kila jioni huletewa orodha: aliyelipa, aliyeahidi, anayedaiwa. Milioni 20 hukusanywa na watu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye milioni 20. Hatusemi harusi zifutwe. Mwandishi wa tahariri hii amekula pilau la watu wengi mno kuweza kusema hivyo. Tunasema ile orodha ya jioni ndiyo siri. Watu hulipa kwa sababu wanaona fedha zao zimeandikwa, na kwa sababu siku ya siku wataiona sahani. Mifuko yetu ya kuchangia wagonjwa, mingi yake, ina namba ya kulipia na haina orodha. Umetuma elfu kumi, umejibiwa ujumbe wa asante, basi. Ilinunua nini? Kimya.

Mwanya huo matapeli wameuona. Picha za watoto wenye uvimbe huzunguka mitandaoni na namba za simu ambazo hazihusiani na mtoto yule wala hospitali yoyote. Taasisi ikiwa na mfuko mmoja unaojulikana, wenye namba moja inayotangazwa getini na hesabu inayobandikwa, itakuwa imewanyang'anya watu hao soko.

Yako mahitaji mengine ambayo harambee ya mashine huyasahau kabisa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hufika wamechelewa, na kwa wengi wao lengo si kuponya tena. Ni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kukausha vidonda, kumwezesha mtu alale usiku na azungumze na wanawe akiwa na akili zake. Dawa yake kuu ni mofini ya maji, chupa ndogo ambayo gharama yake ukiilinganisha na chochote kingine katika hospitali ya saratani ni ya kuchekesha. Mgonjwa wa namna hiyo akirudi Mbinga na chupa moja, ikiisha atapata wapi nyingine? Wauguzi wa tiba shufaa wanaofuatilia wagonjwa kwa simu na kwa hospitali za wilaya wanahitaji vocha, mafuta ya gari na mafunzo. Katika harambee moja ya mashine, hiki ni kiasi ambacho hata ukumbi utakuwa umekula zaidi.

Wako watakaotuuliza kwa nini tusizungumzie kinga. Tunaizungumzia. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, kwa wasichana iliyoanza nchi nzima mwaka 2018, na sasa ikitolewa kwa dozi moja, itawapunguzia Ocean Road kazi kuliko LINAC kumi. Madaktari wanawake wa MEWATA walianza zamani, mwaka 2005, kuzunguka na kuwapima akina mama matiti, na mistari ya wanawake waliojitokeza ilionyesha kwamba hofu haikuwa kubwa kama ilivyodhaniwa. Huduma ndiyo iliyokuwa mbali. Lakini msichana aliyechanjwa 2018 akiwa na miaka 14 leo ana miaka 22. Matunda yake tutayaona akiwa na arobaini. Mama yake hakuchanjwa, na mama yake ndiye yuko kwenye benchi.

Na bima? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko kwa ajili ya wasio na uwezo, na ikitekelezwa ilivyokusudiwa itabeba vipimo, dawa na mionzi. Ni hatua kubwa, na kwa miaka mingi serikali tayari imekuwa ikibeba matibabu ya saratani kwa watu ambao wasingeweza kuyalipia hata sehemu ya kumi. Lakini bima hulipia kinachotolewa ndani ya geti. Basi la Mbinga liko nje ya geti. Chumba cha kulala Mbagala kiko nje ya geti. Watoto walioachwa kwa jirani wako mbali kabisa.

Pendekezo letu kwa taasisi na kwa kamati zote zinazochapa kadi mwaka huu ni hili. Kila shilingi 100 itakayochangwa kwa jina la mashine, 70 ziende kwenye mashine, 15 zifungiwe kwenye akaunti ya matengenezo isiyoguswa hadi udhamini wa muuzaji uishe, na 15 ziwe fungu la mgonjwa: nauli, chakula, malazi na mofini ya kurudi nayo nyumbani. Mtu anaweza kubishana na viwango vyetu. Asibishane na kuwepo kwa mafungu matatu. Mfadhili mkubwa anayetaka fedha zake zote ziingie kwenye mashine aambiwe kwa heshima kwamba mashine yenyewe haitaki hivyo. Kama anataka kibao, apewe vitatu.

Fungu la mgonjwa lisimamiwe na maofisa ustawi wa jamii wa taasisi, ambao tayari ndio wanaojua nani amelala wapi na nani hajala tangu jana. Nauli ilipwe kwa kampuni ya basi moja kwa moja kwa namba ya rufaa, na ya kurudi ilipwe siku tiba inapokamilika. Mtu wa Mbinga asilazimike kusimulia umaskini wake mbele ya watu watano ili apate elfu arobaini. Barua ya rufaa kutoka hospitali ya mkoa na neno la ofisa mmoja yatoshe.

Malazi yanataka fikra zaidi. Jumuiya ya Saratani ya Marekani ilifungua nyumba yake ya kwanza ya wagonjwa waliotoka mbali mwaka 1970, pale Charleston, na tangu hapo imejenga nyingi, kila moja ikiwa na jiko la pamoja ambapo wagonjwa hujipikia. Dar es Salaam haina uhaba wa majengo ya taasisi za dini na mashirika ya umma yaliyo umbali wa daladala moja kutoka ufukweni, na baadhi yake yana vyumba vinavyofungwa mwaka mzima vikisubiri semina. Jiko, vyandarua, maji ya uhakika na gari moja la kuwapeleka asubuhi: hicho ni kitu ambacho msikiti, kanisa au chama cha wafanyakazi kinaweza kukichukua bila kusubiri bajeti ya wizara.

Hesabu za mafungu yote matatu zibandikwe kwenye ubao wa getini na mtandaoni kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili, zikiwa na idadi ya siku ambazo kila mashine ilisimama, idadi ya wagonjwa waliomaliza mionzi yao kwa wakati na idadi ya walioondoka katikati. Hiyo idadi ya mwisho ndiyo tutakayoitafuta kwanza, na gazeti hili litatenga nafasi ya kuichapa kila mwezi kuanzia ubao utakapowekwa.